Taulo la safari za miguu halikauki, linanuka au halifyonzi: chanzo na tiba

Anayetembea kutoka uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, anashuka zaidi ya mita 2,000. Juu kuna ukungu, upepo na sakitu ya Juni hadi Agosti. Chini kuna joto zito la Kyela. Taulo ni lile lile moja, na ndiyo maana malalamiko ya watembeaji wa Nyanda za Juu Kusini hayafanani na ya watu wa pwani. Huku wachache husema taulo halifyonzi. Wengi husema lililowa jana na leo bado limelowa.

Kwa hiyo ukichagua taulo la kwenda mlima Rungwe, mlima Loleza au Kitulo, angalia kwanza linavyokauka. Kufyonza kunafuata. Dalili zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia ile inayoripotiwa sana, na ndani ya kila dalili sababu ya kawaida ndiyo imetangulia. Utahitaji mizani ya jikoni (ya muuza duka jirani inatosha), beseni na futi ya fundi cherehani.

## Limelala kwenye kamba usiku kucha na bado ni bichi

Halikukamuliwa vya kutosha. Watu hawaamini hili mpaka wapime. Pima taulo likiwa kavu. Lichovye kwenye beseni mpaka lilowe lote, likamue unavyokamua siku zote, kisha pima tena. Tofauti ya uzito ndiyo maji ambayo hewa ya usiku inapaswa kuyabeba. Sasa likunje mara mbili kwa urefu, mwenzako ashike ncha moja nawe nyingine, msokote kila mmoja upande wake mpaka lianze kujipinda lenyewe, halafu pima mara ya tatu. Gramu zilizopungua hapo ni masaa uliyookoa kambini. Ukiwa peke yako, lipitishe nyuma ya mti mwembamba wenye gome laini, shika ncha zote mbili pamoja, usokote.

Jaribio hili hili ndilo la kununulia. Taulo ambalo baada ya kukamuliwa na watu wawili bado lina uzito unaozidi mara mbili ya uzito wake mkavu, usilichukue safari za Novemba hadi Aprili. Litakauka Mafinga uani kwako wakati wa kiangazi. Msituni Rungwe halitakauka.

Ni nene mno. Unene wa taulo hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Lebo isiposema, hesabu mwenyewe: zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha gawa uzito kwa jibu hilo. Taulo la pamba la nyumbani la sentimita 70 kwa 140 lenye uzito wa gramu 441 lina gramu 450 kwa mita ya mraba. Hilo ni la bafuni. Kwa milima yetu, tafuta kati ya gramu 150 na 220. Chini ya hapo kitambaa kinakuwa chepesi hadi kinagandamana na ngozi, na juu ya 300 unarudi kwenye tatizo lile lile.

Limeanikwa vibaya. Taulo lililotupwa juu ya kamba likakunjika katikati lina pande mbili zinazogusana, na hapo katikati hapakauki. Lishike kwa ukingo mmoja tu, kwa vibanio viwili au pini za kawaida, upepo upite mbele na nyuma. Ndani ya hema lililofungwa ni mahali pabaya kuliko pote: pumzi za watu wawili zinatosha kulowesha kitambaa cha hema chenyewe, sembuse taulo. Lianike chini ya paa la nje la hema, upande unaopigwa na upepo.

Hewa yenyewe imejaa maji. Ukungu ukishuka, hakuna ufundi wa kamba utakaosaidia, kwa kuwa hewa iliyoshiba mvuke haipokei mwingine. Usipoteze muda. Likamue, liweke kwenye mfuko wa wavu wa nje wa begi, na asubuhi libane mgongoni mwa begi kwa pini mbili. Jua la saa nne, hata la vipindi, pamoja na upepo wa kutembea, linafanya kazi kuliko usiku mzima wa Kitulo. Mkipumzika mchana, litandaze juu ya jiwe lililopata jua.

Taulo dogo lililobaki na unyevu kidogo linaweza kukaushwa na joto la mwili: livae kati ya shati na koti unapotembea. Usilitie ndani ya begi la kulalia la manyoya ya ndege. Manyoya yakilowa yanashikana na kuacha kuhifadhi joto, na utakuwa umebadilisha shida ndogo kwa kubwa.

Mkilala kwa wenyeji, omba kwa mama mwenye nyumba nafasi ya kuanika jikoni, juu mbali na mafiga. Litanuka moshi lakini litakauka. Taulo la mikrofaiba ni plastiki iliyosokotwa: likaribie moto linajikunyata na kuwa gumu, na cheche moja inalitoboa. Liweke mbali kiasi kwamba mkono wako uliouweka hapo hausikii kuungua hata kidogo.

SIMAMA HAPA: jiko la mkaa ndani. Kila msimu wa baridi mtu hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema au chumba kilichofungwa ili akaushe nguo na kuota moto. Usifanye hivyo hata kwa dakika chache, hata mkaa ukiwa umebaki makaa tu. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida karibu na jiko, mtoeni nje mara moja na mumpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

## Linanuka hata baada ya kufuliwa

Harufu ya uvundo inatoka kwa bakteria wanaokula mafuta na seli za ngozi zilizobaki kwenye nyuzi. Wanachohitaji ni unyevu na muda, na begi lililofungwa linawapa vyote viwili.

Sababu ya kwanza ni kulifungasha likiwa bichi ndani ya mfuko wa nailoni. Mifuko midogo isiyopitisha hewa inayouzwa pamoja na mataulo haya ni mizuri dukani. Safarini tumia ya wavu. Sababu ya pili ni sabuni isiyosuuzwa. Watu hupaka sabuni ya mche moja kwa moja kwenye mikrofaiba, wanasugua, kisha wanasuuza mara moja kwa sababu maji ya kijito yanauma mikono. Sabuni inabaki, inashika uchafu, na harufu inarudi siku inayofuata. Kambini ni afadhali kusuuza kwa maji matupu kila siku kuliko kufua kwa sabuni nusu nusu. Na ukitumia sabuni, chota maji, fulia hatua kama sitini kutoka kwenye kijito, mwaga juu ya udongo. Kijiji kilicho chini kinakunywa maji hayo.

Ukirudi nyumbani:

1. Loweka dakika 30 kwenye kipimo kimoja cha siki nyeupe kwa vipimo vinne vya maji ya uvuguvugu.
2. Suuza, kisha fua kwa sabuni ya unga kidogo. Kijiko kimoja cha chakula kwa beseni kinatosha. Tumia maji ya moto yasiyozidi nyuzi 60, au kiwango cha lebo kama ni cha chini zaidi.
3. Suuza mpaka maji yawe maangavu, mara tatu au zaidi.
4. Anika juani mpaka likauke kabisa.

Taulo la pamba tupu au khanga isiyochuja rangi unaweza kuichemsha. Mikrofaiba usiichemshe.

Onyo: usichanganye siki na dawa ya kung'arishia yenye klorini, ile ambayo mitaani wote tunaiita jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kwenye mikrofaiba jiki haifai hata peke yake, kwani inakula nyuzi. Harufu isipotoka baada ya kurudia hatua hizi mara mbili, lifanye la kufutia viatu.

## Linasukuma maji tu mwilini, halifyonzi

Ni jipya. Mataulo mengi hutoka kiwandani yakiwa yamepakwa dawa ya kuyalainisha, nayo hukataa maji. Lifue mara mbili kwa maji ya uvuguvugu kabla ya safari, si jioni ya kuamkia safari.

Limefuliwa kwa maji ya kulainishia nguo. Vimiminika hivi vinavyonukia maua huacha utando kwenye nyuzi, na mikrofaiba inategemea nafasi ndogo mno kati ya nyuzi zake kuvuta maji. Utando ukiziba nafasi hizo, kazi imekwisha. Tiba ni ile ile ya siki. Mafuta mazito ya kupaka yanaleta matokeo hayo hayo polepole, hivyo jifute kwanza ndipo upake.

Linatumiwa kama taulo la pamba. Mikrofaiba laini, ile isiyo na vitanzi, haipendi kusuguliwa. Futa maji mengi kwa kiganja kwanza, kisha gandamiza taulo juu ya ngozi sekunde mbili, hamisha. Likishiba, kamua, endelea. Anayelisugua kwa kasi husambaza maji na kulaumu taulo.

Si mikrofaiba. Hapa ndipo penye fedha yako. Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, au sokoni Makambako, utakutana na kitambaa chembamba cha poliesta ya kawaida kilichoshonewa lebo nzuri. Mengi ya mataulo mazuri ya safari ni mchanganyiko wa takriban asilimia 80 poliesta na 20 poliamaidi, yaani nailoni. Fanya vipimo hivi:

- Tonesha maji tone moja juu ya kitambaa kilichotandazwa. Likizama ndani ya sekunde mbili tatu, sawa. Likikaa juu likimetameta, huenda ni dawa ya kiwandani au kitambaa kibaya. Omba kujaribu kwenye kona ambayo muuzaji ameshaifua, kama analo la maonyesho.
- Pitisha kiganja chenye ngozi kavu. Mikrofaiba halisi hukwaruza na kunatia kidogo kwenye mikwaruzo ya ngozi. Poliesta ya kawaida huteleza.
- Ukiwa na shaka kama ni pamba, vuta uzi mmoja ukingoni, utoke nje, uchome. Pamba huungua ikinuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Nunua kwanza ndipo uchome. Hakuna muuzaji atakayekuchekea ukiwasha kiberiti dukani kwake.

Mtumba usiupuuze. Kwenye marobota ya mataulo hupatikana ya michezo na ya kambi yaliyokwisha kufuliwa mara nyingi, kwa hiyo tatizo la dawa ya kiwandani halipo. Angalia lebo ya mchanganyiko na ukingo usiofumuka.

## Ni kubwa na zito, au dogo hadi halisitiri

Vipimo vinavyopatikana sana ni sentimita 40 kwa 80, 60 kwa 120 na 75 kwa 150. Kwa kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, hayo ni gramu 64, 144 na 225. Wengi hununua kubwa kwa sababu wanataka kujifunga kiunoni, na hapo ndipo wanapobeba kitambaa kingi kisichokauka kwa ajili ya kazi ambayo khanga inaifanya vizuri zaidi.

Mpango unaofaa huku ni vitu viwili: taulo la 40 kwa 80 la kukaushia, na upande mmoja wa khanga, au kikoi chepesi kwa mwanaume, wa kujisitiri. Bafu za nje za vijijini hazina mlango siku zote, na kwenda kisimani ukiwa umejifunga kitaulo kinachoishia mapajani si heshima mbele ya wazee. Khanga hiyo hiyo inakuwa shuka, kivuli cha jua, kitambaa cha kukalia. Inafyonza pia, ingawa ikilowa huchelewa kukauka kuliko mikrofaiba, kwa hiyo usiifanye ya kwanza. Mwenye nywele ndefu au rasta aende kwenye 60 kwa 120.

Kama tayari unalo kubwa, likate. Ukingo ulioachwa wazi utafumuka, hivyo peleka kwa fundi cherehani apige ovaloki au akunje pindo la sentimita moja. Mwambie aache kitanzi cha utepe kwenye kona. Ndicho kitakachoning'inia kwenye begi.

## Umejifuta lakini baridi haitoki

Mara nyingi taulo halina kosa. Mpangilio ndio mbaya. Anza na nywele na shingo, kifua na mgongo, vaa nguo ya juu iliyo kavu, ndipo uendelee na miguu. Oga mchana jua likiwapo, si saa kumi na mbili jioni upepo ukivuma. Usiku wa sakitu, futa kwapa, kinena na nyayo kwa kona ya taulo iliyochovywa maji ya moto, uridhike.

SIMAMA HAPA: mtu anayetetemeka bila kukoma, anayeongea kwa kuburuta maneno, anayejikwaa ovyo, au aliyeacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, mwili wake unapoteza joto kwa hatari. Mwondoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mfunike kwa vilivyo vikavu, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe. Safari imeishia hapo, tafuteni msaada.

## Ngozi inawasha au ina vipele baada ya kulitumia

Anza na sabuni iliyobaki: suuza taulo mara tatu, litumie siku mbili bila sabuni. Vikipungua, umepata jibu. Pili, uliza kama mnalitumia wawili. Fangasi na upele huweza kusafiri kwa taulo, na kuazimana kambini ni njia yao mojawapo. Tatu, angalia ulikolianika. Kichakani kuna upupu, na vinywele vyake vikishika kwenye mikrofaiba ni vigumu kutoka. Kung'uta hakutoshi, fua kwa maji mengi, ukishika kwa mfuko wa nailoni mkononi.

Kuna sababu ya nne, ya sehemu za joto zaidi kuliko za milimani. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wa kivulini. Vifunza vyake hupenya ngozi na kutokeza kitu kinachofanana na jipu lenye tundu dogo katikati. Ukishuka kuelekea ziwani, usitandaze taulo chini wala kuliacha kivulini kutwa. Khanga na pamba zipigwe pasi ya moto pande zote, hasa kwenye pindo. Mikrofaiba haivumilii pasi kali, kwa hiyo ianike juani juu ya kamba, iondoe mara ikikauka.

Nenda zahanati kama jipu la namna hiyo limetokea (usilikamue kwa nguvu, kifunza kikipasukia ndani kinaleta uvimbe), kama wekundu unatambaa, kuna usaha au homa, au kama mwasho unazidi usiku na wenzako pia wanajikuna.

## Ulioga ziwani, ukajifuta haraka. Inatosha?

Ziwa Nyasa lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, zaidi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Kujisugua kwa nguvu kwa taulo kavu mara tu unapotoka kunaweza kupunguza hatari kama uligusa maji kwa muda mfupi, kwa mfano ulipoteleza ukivuka. Kwa aliyeogelea, usilihesabu kuwa kinga. Na hapa, kwa mara moja, taulo lenye vitanzi vinavyokwaruza ni bora kuliko lile laini.

Aliyeingia majini apime baada ya wiki sita hadi nane, hata kama haumwi. Akiona damu kwenye mkojo au choo, au homa na mwasho wiki chache baada ya safari, asingoje muda huo: aende hospitali na amwambie daktari kwamba aliingia ziwani na lini. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mgonjwa, hivyo usinunue na kumeza kwa kukisia.